Geti Ndogo ya Nyuma na Swali la Koko Naserian

Nakumbuka siku niliyowahesabu ng'ombe wa mtu kwa kidole, kwa sauti, mwenyewe akiwa amesimama mbele yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, buti za mpira miguuni, tepu ya kupimia shingoni kama fundi wa nguo, na nilijiona mwerevu kuliko mtu yeyote kati ya Kitengela na Isinya. Niliwahesabu mara mbili, maana tangu utotoni mimi ni mtu wa kuhesabu mara mbili. Mara zote mbili hesabu ilikuja sawa. Na mara zote mbili nilikuwa nimekosea.

Mwanangu Wairimu, nakuandikia kwa kalamu kwa sababu ujumbe wako niliusoma kwenye simu na sikutaka kukujibu kwenye simu. Kwenye simu mtu hujibu haraka, halafu anaweka kale kamdomo kanakocheka ili maneno yasionekane makali. Haya ninayotaka kukuambia hayana kamdomo. Na wewe mwingine ambaye karatasi hii itakufikia kwa mkono wa Wairimu, kaa kitako usome. Nawe ni mwanangu, hata kama hatujawahi kugombania bei ya kitu chochote.

Uliniandikia hivi: "Mum, kamati imepitisha. Ile geti ndogo ya nyuma tunaifunga kwa mawe mwisho wa mwezi. Pale wazi tutaweka bembea za watoto na mahali pa kuegesha magari ya wageni. Tumepiga kura, thelathini na mbili kwa thelathini na mbili, hakuna hata mmoja amepinga! Na katibu ni nani? Ni msichana wako."

Nilifurahi kwa ajili ya ukatibu. Halafu nikavaa miwani, nikaangalia orodha uliyotuma, nikahesabu majina. Thelathini na mawili. Nikahesabu tena. Thelathini na mawili. Hapo ndipo nilipoweka simu chini, nikamkumbuka Koko Naserian.

Wewe unaijua Kitengela ya magorofa na maduka ya vigae. Mimi nilifika wakati mtu akisema anakwenda Kitengela, watu wanamuuliza anakwenda kuchunga nini. Nilitoka Murang'a na begi moja, nikauza nyanya kando ya barabara ya Namanga, na kutoka kwa nyanya nikaingia kwa ploti. Usishangae, ni kazi moja. Unaipanga mali vizuri, kubwa mbele na mbovu nyuma, na unamwambia mteja kwamba mwingine alikuwa hapa sasa hivi anaulizia hiyo hiyo. Wenzangu madalali, wanaume watupu, walisema Wamaasai wananisikiliza kwa sababu naitwa Nyokabi, jina ambalo kwetu hupewa msichana anayehusishwa na Umaasaini. Uongo. Walinisikiliza kwa sababu niliamka mapema kuliko wao na nilikubali chai kwa kila boma.

Basi mzee mmoja, Parsaloi, akaamua kuuza ekari zake ishirini. Alikuwa na watoto sekondari na ukame ulikuwa umemlia mifugo. Mimi ndiye niliyeletewa kazi ya kumtafutia wanunuzi, na tulikubaliana malipo yangu hayatakuwa pesa, yatakuwa ploti moja. Nilikuwa natamani ploti hiyo kuliko nilivyowahi kutamani mwanamume. Baba yako usimwonyeshe mstari huu.

Tukaja na mpimaji, kijana wa Bungoma aitwaye Wafula, mpole, mwenye penseli nyuma ya sikio. Tulitembea shamba lote siku mbili. Akachora ploti kwenye karatasi kubwa, na katikati yake akaweka vitone vitone kutoka nyuma ya shamba hadi barabarani.

"Hiyo ni nini?" nikamuuliza.

"Njia ya ng'ombe. Si umeiona? Imekanyagwa mpaka imekuwa mtaro. Wale wa boma la nyuma wanapita hapo kwenda silanga."

Silanga ni lile bwawa la maji ya mvua lililokuwa ng'ambo ya barabara, mahali ambapo leo kuna kituo cha petroli. Ng'ombe wa upande huo wote walikunywa hapo, wa tajiri na wa maskini, na nakuambia ng'ombe wa tajiri hakuwa na kikombe chake.

Nikapiga hesabu. Njia ikibaki, ploti zinatoka mia moja na kumi na moja, nzuri zote ni za kuuzwa, na yangu ninaipata huko nyuma kwenye mawe, mahali hata mbuzi anafikiria mara mbili. Njia ikifutwa, inapatikana ploti moja zaidi, ndefu na nyembamba, pale pale njia ilipopita kutoka nyuma hadi barabarani, udongo mzuri. Ya mia moja na kumi na mbili. Yangu.

"Hiyo njia imeandikwa mahali?" nikamuuliza Wafula.

"Imeandikwa chini hapo, kwa kwato," akasema.

"Ofisi ya ardhi ya Kajiado haisomi kwato. Futa."

Akanitazama kidogo. Alikuwa na mke na kodi ya nyumba, na aliyekuwa anamletea kazi ni mimi. Akatoa kifutio, akafuta. Nasikia mpaka leo ile sauti ndogo ya mpira kwenye karatasi. Nyayo za miaka sijui mingapi, zilifutika kabla hajamaliza kupumua.

Mzee Parsaloi alitia kidole gumba kwenye karatasi bila kuuliza. Yeye aliona anauza ardhi. Haikumjia kichwani kwamba kuna mtu anaweza kuuza njia, kwa sababu kwao njia ya maji haikuwa mali ya mtu. Ukiwa na shamba, wa nyuma yako anapita. Hukai chini kuliandika jambo hilo, kama vile wewe huandiki kwamba mgeni akifika apewe kiti. Hilo ndilo kosa langu, mwanangu, na lielewe vizuri. Sikumdanganya mtu. Kila nilichosema kilikuwa kweli. Nilichukua tu kile ambacho hakikuandikwa, kwa sababu hakikuandikwa.

Fensi ikawekwa, posti za mikalatusi na waya wa miiba safu nne. Baada ya majuma mawili nilileta wateja kwa pikapu, mume na mke walimu wa shule, kuwaonyesha ploti za mbele. Tulipofika nikaona posti zangu tatu zimelala chini, na ng'ombe wamejaa kwenye waya, wamepanga vichwa kuelekea silanga wanayoiona na hawawezi kuifikia. Kulikuwa kukavu mpaka vumbi lilikuwa na ladha.

Kando yao alisimama mama mmoja mrefu, mzee, shuka nyekundu, shanga masikioni, fimbo nyembamba mkononi. Huyo ndiye Koko Naserian. Koko ni nyanya, bibi, kwa Kimaasai, na eneo zima walimwita hivyo. Alikuwa mjane wa kaka yake Parsaloi. Boma lake ndilo lililokuwa nyuma ya shamba. Hakuwa na karatasi yoyote kwa jina lake, ndiyo maana siku ya kutia vidole gumba hakuna aliyemwita.

Nikashuka kwenye gari kwa fujo. Nilikuwa na wateja wananitazama, na dalali akitazamwa na wateja huwa mrefu zaidi. Hata salamu sikungoja.

"Koko, posti zangu tatu! Nani atalipa? Kila ng'ombe hapa atalipiwa faini. Ngoja nijue ni wangapi." Nikaanza kunyoosha kidole. "Mmoja, wawili, watatu..."

Wachungaji wawili wazima waliokuwa naye wakageuza nyuso kando, kama watu walioona mtu mzima anavua nguo sokoni. Sikujali. Nilifika mwisho. "Ishirini na wawili."

"Takwenya," akasema Koko, taratibu. Ndivyo mwanamke anavyosalimiwa kwao.

"Iko," nikaitikia, nimeona haya kidogo.

"Umemaliza kuhesabu?"

"Nimemaliza."

"Hesabu tena. Nasikia wewe huhesabu mara mbili."

Nikahesabu tena. Kidole kilikuwa kizito safari hii. "Ishirini na wawili, Koko."

"Haya. Sasa niambie ni nani hayuko."

Nikatazama ng'ombe. Kwangu walikuwa ng'ombe tu, mikia na pembe na nzi.

"Hujui," akasema. "Enkerai ai, mtoto wangu, sisi ng'ombe hatumnyooshei kidole tukamhesabu. Ni kuita hasara. Wanasema ni ujinga wetu, sawa. Lakini jioni wakirudi mimi nasimama mlangoni pa boma naangalia sura. Narok, mweusi, amepita. Naibor, mweupe, amepita. Namwona ambaye hayuko kabla sijawaona walioko. Nanyokie hayuko. Yule mwekundu. Tangu ulipofunga hapa tunazunguka na barabara ya lami, na jana lori la mawe limempiga. Alikuwa na ndama tumboni. Mawe yenyewe yalikuwa yanakuja kujenga kwa ploti zako."

Kwenye pikapu yule mwalimu wa kike akatoa kichwa dirishani. "Samahani, mama dalali, hawa ng'ombe watakuwa wakipita hapa kila siku? Kwa maana tuliambiwa ni mtaa tulivu."

Koko alinisogelea. Hakupandisha sauti, na afadhali angeipandisha, kwa maana kelele ninaijua, nimeishi kwayo.

"Ploti zako ulizihesabu mara ngapi?"

"Mbili."

"Na mara zote mbili hukuona mimi siko?"

Nilikuwa na jibu, mwanangu. Mimi huwa na jibu. Nilikuwa nataka kusema kwamba mwenye shamba ni Parsaloi, na ramani imepigwa muhuri, na kwamba hayo aende ayaulize Kajiado. Yote kweli. Wateja wangu waliondoka bila kununua, na yeye akanikaribisha kwake, nikafuata nyuma ya ng'ombe kama mmoja wao. Akanipa maziwa kwa kibuyu, yale ya moshi. Nikamwambia sistahili. Akasema hajaniuliza kama nastahili, nimefika kwake na kwake mtu haondoki mkavu. Nikanywa. Nimepigwa na askari wa jiji, nimetukanwa na wanunuzi, nimenyang'anywa nyanya zangu mvua ikinyesha. Hakuna lililoniuma kama maziwa yale.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa Wafula nikamwambia arudishe vitone. Akanicheka, bila ubaya. "Nyokabi, ile ramani iko Kajiado na ina mihuri mingi kuliko barua ya posta. Njia haipo tena. Kilichopo ni ploti nambari mia moja na kumi na mbili."

"Basi nipeni hiyo nambari yangu," nikasema.

Nilipewa, kama tulivyoagana na Parsaloi. Nikafuata taito, hati ya ploti, mwenyewe, safari saba Kajiado, na ofisi ile ukirudi mara ya saba hata paka wa pale anakujua. Karatasi ilipotoka, nilinunua plaizi, nikaenda kwenye ploti yangu, nikakata waya mbele na nyuma, safu nne huku na safu nne kule. Nikang'oa posti. Siku ile ile ng'ombe wa Koko walipita. Walipita bila kunitazama, na Koko naye akanipa salamu tu, hakunishukuru. Alifanya vizuri. Mtu akikurudishia kilicho chako hashukuriwi kwa nguvu.

Sasa umeanza kuelewa, nadhani. Kila mara umeniuliza, tangu uko kidato cha pili: "Mum, ulikuwa dalali wa ploti Kitengela zikiwa bei ya mbuzi, na hukujiwekea hata moja?" Nikakujibu kwamba nilikuwa mjinga. Baba yako naye anaamini hivyo, na nimemwacha aamini, kwa sababu angejua angeiuza kabla chai haijapoa.

Ninayo. Hapo wazi mnapotaka kuweka bembea ni pangu.

Miaka ilipita. Silanga ikajazwa kokoto. Koko akafariki, wajukuu wake wakauza boma, ng'ombe wa mwisho wakaenda upande wa Bissil. Huko nyuma pakajengwa vyumba vya mabati vya kupangisha, chumba kwa chumba kama sanduku za kuku. Na mbele akaja tajiri mmoja akazikusanya ploti za watu zaidi ya sitini, akataka kujenga esteti ya ukuta. Alikuja kwangu na koti la suti. Alipandisha bei mara tano, mimi nikinywa chai. Katika maisha yangu yote ya kugombania bei, sijawahi kupata raha kama kumkatalia mtu aliyekuwa tayari kulipa. Mwisho tukasikilizana: zungusha ukuta wako mpaka nyuma, lakini uache geti ndogo nyuma ya ploti yangu, na iwe wazi tangu alfajiri mpaka giza liingie, kila mtu apite. Alikubali kwa mdomo. Mimi, mtu wa kuhesabu mara mbili, nikakubali kwa mdomo. Labda nilikuwa nimechoka, labda nilitaka kujua kama kuna kitu bado kinaweza kusimama bila kuandikwa.

Mlipohamia hapo wewe na mumeo, nilikuja kuona nyumba. Mlinionyesha jiko la marumaru na bomba la maji moto. Mimi nikaenda moja kwa moja kwenye dirisha la nyuma. Ulisema, "Mum, huko hakuna kitu cha kuona." Kulikuwa na mama mwenye mtungi wa maji kichwani na mtoto wa shule akimfuata, wanapita kwenye ploti yangu. Nilikwambia nyumba ni nzuri sana. Nilikuwa naongea kuhusu dirisha.

Sasa nije kwa kura yenu.

Jumatatu nilipanda gari nikaja huko bila kukuambia. Nikaingia nyuma, kwenye vyumba vya mabati, nikamtafuta Mama Brayo, yule anayekufulia nguo Jumatano na Jumamosi. Usimgombeze, hakuniita. Nikasimama mlangoni pake nikatembea mpaka kwenye kioski ya maji karibu na kituo cha petroli, ambapo pia ndipo ilipo shule ya watoto wao, nikipitia geti ndogo. Hatua mia tatu na arobaini. Nikarudi nikahesabu tena: mia tatu arobaini na mbili, kwa sababu niliruka dimbwi. Halafu nikazunguka kwa nje, kama mtakavyowalazimisha, kando ya ukuta wenu, mpaka lami, na kando ya lami malori yakipita. Elfu mbili na zaidi. Hiyo sikuihesabu mara ya pili. Magoti yalikataa. Na mimi nilibeba mkoba tu. Wao hubeba lita ishirini.

Nilimuuliza Mama Brayo alikuwa anakaa wapi zamani. Akaniambia alikuwa na vyumba viwili vya mawe, na stima, mumewe akiwa karani kwenye shamba la maua Isinya. Kazi ikaisha. Zamani Kitengela mtu akiachishwa kazi alirudi kwao. Siku hizi kwao nako kumegawanywa mpaka hakuna pa kuweka jiko, kwa hiyo anabaki, anashuka. Kutoka vyumba viwili hadi kimoja, kutoka mawe hadi mabati, kutoka mkate mzima hadi ule unaokatwa nusu dukani. Nilizunguka na kuuliza milango sita. Mmoja alikuwa fundi wa magari Rongai. Mwingine mwalimu wa chekechea. Hawa si watu waliozaliwa nyuma ya ukuta, Wairimu. Ni watu waliokuwa mbele.

Na mimi, mchuuzi wa zamani, nikikuambia jambo kuhusu bei, niamini. Maji mnayooshea magari mnayavuta kwenye kisima chenu na mnalipa kidogo. Mama Brayo ananunua maji ya aina hiyo hiyo kwa mtungi, na akijumlisha mitungi yake analipa zaidi yako kwa kila lita. Mafuta ya kupikia unanunua kopo kubwa, yeye anapimiwa kwa kikombe, na mpima kikombe anakula hapo. Nilikuwa mpima kikombe, najua ninachosema. Anayenunua kidogo kidogo ndiye hulipa sana. Sasa mkimwongezea na ile safari ya elfu mbili na zaidi, mnamtoza tena, na mnachomtoza hakiingii hata mfukoni kwenu. Kinapotelea barabarani tu.

Najua mna sababu. Mtungi wa gesi uliibwa, na nguo za jirani yenu Mama Tevin zikaanuliwa na mtu ambaye hakuzianika. Sikatai. Mwizi ni mwizi, na mimi nimewahi kumkimbiza mmoja nikiwa na mimba yako. Wekeni mlinzi kwenye geti. Wekeni taa. Mkitaka mumfunze mlinzi majina ya wanaopita, hata bora, kwa maana mtu unayemjua jina ni vigumu kumwogopa. Lakini mawe, mwanangu? Ukuta wa mawe haujui nani mwizi na nani mwanafunzi wa darasa la pili.

Jambo lililonishtua zaidi si kura yenyewe. Ni ile furaha yako kwamba hakuna aliyepinga. Thelathini na mbili kwa thelathini na mbili. Bila shaka hakuna aliyepinga. Wale ambao wangepinga hawamo kwenye kundi lenu la simu. Mama Brayo anashika nguo zako za ndani kila juma, lakini nambari yake haimo. Mlihesabu walioko, hesabu ikaja sawa, mkafurahi. Mimi nilifanya hivyo hivyo nikiwa mdogo kuliko wewe, na sikuwa mtu mbaya. Wewe pia si mtu mbaya. Ndiyo maana nakuandikia. Mtu mbaya ningemwandikia kupitia wakili.

Na ningeweza. Ningeingia mkutanoni kwenu Jumamosi na leso yangu na taito yangu, nikaketi mbele, nikangoja mwenyekiti amalize habari za bembea, halafu nikamuuliza ni bembea gani hiyo anayotaka kuweka kwenye shamba langu. Nimeiwaza picha hiyo mara mbili na mara zote mbili nimecheka peke yangu. Lakini geti itakayobaki wazi kwa sababu bibi kizee ana karatasi, siku bibi kizee atakapokufa itafungwa. Kwa hiyo nimeamua vingine.

Ndani ya bahasha hii, nyuma ya barua, kuna taito. Liangalie jina, iangalie nambari: mia moja na kumi na mbili. Alhamisi saa tatu tukutane Kajiado mjini, mbele ya ofisi ya ardhi, tuanze kubadilisha jina liwe lako. Uje na kitambulisho, picha ndogo na nambari yako ya kodi, na nauli ujilipie. Baada ya hapo ni yako kabisa. Sitakuuliza. Ukitaka, weka bembea. Ukitaka, uza, bei yake leo nikiifikiria nahitaji kuketi. Hata hao wenzako wa kamati ukitaka wafurahie, utawafurahisha kwa saini moja. Ninachokuomba ni kimoja, na ukifanye kabla hujaamua.

Jumatano Mama Brayo akija kufua, usimwachie maagizo mezani. Vaa viatu, ubebe mtungi mmoja wa lita ishirini, mtoke naye mlangoni kwake hadi kioski, kwa geti ndogo, kisha mrudi kwa kuzunguka ukuta. Huna haja ya kuhesabu hatua, mimi nimeshakuhesabia. Ongea naye tu. Halafu Jumamosi, mwenyekiti akisema wote tupo tuanze, wewe katibu, kabla hujaandika, simama uulize lile swali nililoulizwa mimi nikiwa na tepu shingoni: ni nani hayuko?

Nasaha yangu ni hiyo, na nimeibeba kwa miaka thelathini na sita, kwa hiyo usiichukue kama kitu cha bure. Tafuta mali, mwanangu. Sijawahi kusifu umaskini, niliuonja na hauna ladha. Gombania bei, hesabu chenji mbele ya mwenye duka, jenga, panda ngazi. Lakini kila meza utakayoketi, ya kamati, ya kazi, ya chakula, ukishahesabu walioko, waangalie tena kwa jicho la yule mama wa mlangoni pa boma, mpaka umwone aliyekosekana. Na kitu ambacho watu wamekuwa wakipata bila kuandikwa popote, njia, maji, kivuli, salamu, usikichukue ati kwa sababu hakuna karatasi. Kizibe siku moja tu na utaona ni watu wangapi walikuwa wameegemea hapo.

Mungu akuzidishie, Wairimu, wewe na wote waliosoma mpaka hapa. Akupe nyumba yenye chakula cha kubaki na mtu wa kukila. Akupe watoto watakaokugombeza ukikosea, kama ninavyokugombeza. Na jioni, kila mtu wako akirudi, usimame mlangoni uangalie sura moja moja, wapite wote, asikosekane hata mmoja.

Alhamisi saa tatu. Usichelewe, nitakuwa nimeshika foleni.

Mama yako,
Nyokabi